Eustakia Alivyonuniana na Mbwa Wake

Eustakia wa Kasulo hatembei na fimbo, anatembea na jembe. Ukimkuta Jumapili anakwenda kanisani, amefunga kitenge kizuri, jembe lipo mkononi. Ukimkuta anakwenda msibani, jembe lipo. Akifika analiegesha ukutani, linamsubiri hadi atoke. Goti lake la kushoto lilianza kumsumbua zamani, na binti yake Francisca, aliyeolewa Biharamulo mjini, alimletea fimbo ya dukani iliyopakwa vanishi, ina mpira chini. Eustakia akashukuru, akaenda kuichomeka bustanini, maharage ya kutambaa yakapanda juu yake. Fimbo ni ya wazee, alisema. Jembe ni la kazi, na mtu hajui atakutana na kazi wapi.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa na mbwa anayeitwa Hamnijui.

Jina hilo lisimshangaze mtu. Vilimani huku, mwenye maneno na jirani yake hamwambii jirani, anampa mbwa. Ukisengenywa, mbwa wako anaitwa Semeni. Ukinyang'anywa mpaka wa shamba, anaitwa Mungu Anaona. Kila jioni unasimama uani unamwita aje kula, kwa sauti ya kutosha, na anayehusika anasikia huko aliko. Hawezi kukushitaki. Umemwita mbwa wako.

Jina la Hamnijui lilikuwa la Domisiana, dada wa marehemu Anatoli, mume wa Eustakia. Domisiana anakaa ng'ambo ya migomba, karibu kiasi kwamba nyumba moja ikifunika sufuria, nyingine inajua chakula kimeiva. Kwenye ubatizo mmoja, watu wakiwa wamejaa, Domisiana alisema wifi yake analima kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Wiki hiyohiyo kitoto cha mbwa kikapata jina. Toka hapo, kila jioni, mwaka hadi mwaka, Domisiana akisonga ugali wake alisikia sauti ikipita katikati ya migomba: "Hamnijuiii."

Mama wa mbwa huyo alitoka Lukole, kambi ya wakimbizi. Wakimbizi walipokuwa wanarudishwa kwao Burundi kwa malori, mbwa hawakupakiwa, na mzee mmoja mwindaji akaja Kasulo na kajike kake ndani ya koti, kichwa kimetokeza kifuani, akamkabidhi Anatoli kama anayemwacha mtoto shule ya bweni. Alimwambia mambo mawili. Mbwa hawa hawabweki, kwa hiyo mvishe njuga. Na usimpige, kwa sababu atakusamehe lakini hatasahau.

Hamnijui alizaliwa na huyo. Alikuwa mwekundu kama udongo wa barabarani, mkia umejikunja juu ya mgongo, na kweli habweki. Anatoli akamchongea njuga ya mti, kubwa kiasi cha ngumi ya mtoto, ndani ina ndimi mbili za mfupa. Akimfukuza nguruwe pori katika mihogo, humwoni na humsikii sauti, unasikia njuga tu: ko-ko, ko-ko. Wakati wa kwenda mawindoni njuga inajazwa majani makavu ya mgomba ili isilie, nguruwe wasije wakakimbia mapema. Na mbwa akitangulia mno katika kimya hicho, hakuna kuita wala kupiga mluzi. Anatoli alikuwa anagonga ardhi kwa kitako cha mkuki, mara mbili, na Hamnijui huko mbele anageuka anarudi. Eustakia aliona mara nyingi, akayaacha hayo kuwa mambo ya wanaume.

Anatoli alipofariki, mikuki ilichukuliwa na ndugu zake, njuga ikabaki shingoni mwa mbwa. Eustakia hakuivua. Akiwa jikoni, moshi umejaa, alikuwa anasikia na kusema: sasa yuko kwenye kahawa. Sasa anakuna kupe, mguu wa nyuma. Sasa amelala. Wageni walikuwa wanamshangaa, naye alipenda kustaajabiwa. "Huyu sina haja ya kumwona," alikuwa akisema. "Mimi namsikia tu, najua yake yote."

Ugomvi wao ulianza mwezi wa nne, mvua zikiwa kali. Francisca alikuwa amemtengenezea mama yake mlango mpya wa jiko, wa bati, unaofunga sawasawa, na usiku wa kwanza Eustakia akaufunga akasahau kwamba kuna mtu wa pili wa nyumba hii ambaye hulala karibu na majivu. Ikanyesha hadi alfajiri. Asubuhi akamkuta Hamnijui amelala chini ya ukingo wa paa, ameloa, amempa mgongo.

"Hamnijui."

Mbwa hakugeuka.

"Hamnijui. Njoo, mama."

Eustakia akautazama mgongo ule na akautambua. Ni mgongo ambao yeye mwenyewe alikuwa akimpa Anatoli. Aliwahi kumnunia msimu mzima wa maharage, toka kupanda hadi kupura, kwa sababu Anatoli alimpa rafiki yake mbuzi aliyekuwa ameahidiwa Francisca. Alikuwa anapika, anapakua, anatandika, neno hatoi. Kwa hiyo kununa anakujua, hafundishwi na mtu wala na mbwa. Akakumbuka maneno ya yule mzee wa Lukole, kwamba hatasahau.

Angeweza kuomba msamaha. Lakini mtu na akili zake anamwombaje mbwa msamaha, tena kwa mlango tu?

"Haya," akasema. "Tutaona nani atachoka."

Ikawa hivyo miezi miwili. Asubuhi anaweka bakuli chini bila neno, jioni anaweka bila neno. Hamwiti. Mbwa alikuwa anakuja mwenyewe akisikia harufu, anakula nusu, anaacha. Eustakia akasema moyoni, anaringa. Siku nyingine alipita akaigonga ndoo ya maji iliyokuwa mbele yake kabisa; Eustakia akasema, ananipigia vyombo teke. Akiguswa kwa nyuma alikuwa anaruka kama ameunguzwa. Eustakia akasema, hataki hata mkono wangu. Udenda ulianza kumtoka upande mmoja wa mdomo, mwembamba kama uzi. Eustakia akasema ni hasira. Na njuga wakati wote huo inalia kama kawaida, ko-ko, kwenye kahawa, kwenye majivu, kwa hiyo alijua alipo, na aliyejua alipo alidhani anajua yote.

Mwezi wa sita ikaja habari kwamba kijiji cha jirani mbwa mwenye kichaa ameuma mbuzi wawili na ndama, wote wamekufa. Mwenyekiti Telesfori akaita mkutano. Alisema Alhamisi afisa mifugo atakuja kiwanja cha shule kuchanja mbwa wote, bure, na asiyeleta mbwa wake asije kulia baadaye.

"Na atakayeonekana anatoa udenda," alisema, "au anayumba, au hamjui mwenye naye, huyo hatasubiri sindano. Shibuda atakuwepo."

Shibuda ni mgambo wa kijiji, mrefu kama mlingoti. Alikuja na ng'ombe wake kutoka Usukumani miaka mingi iliyopita, akafanya boma jirani na Eustakia. Ana buti za mvua ambazo amezivaa kiangazi na masika mpaka watoto wanaamini hana vidole. Jioni ya Jumatano alipita uani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Umekuja kunihesabia mbwa?"

"Nimekuja kusalimia. Mbona siku hizi sikusikii ukiita? Hata ng'ombe wangu walizoea, ukiita wanajua wakati wa kuingia zizini."

"Hatusemeshani."

Shibuda akamtazama mbwa aliyelala kwenye majivu, akamtazama Eustakia. "Nani hamsemeshi mwenzake?"

"Yeye ndiye aliyeanza."

"Sasa kesho mtakwendaje shule, mmoja huku mmoja kule?"

"Tutakwenda. Wewe tafuta soksi."

Shibuda akacheka, lakini alipokuwa anaondoka aligeuka mara ya pili kuangalia mdomo wa mbwa, na Eustakia akamwona akigeuka.

Alhamisi asubuhi Eustakia alimfanyia Hamnijui kile ambacho Anatoli angemfanyia. Anatoli hakuwahi kupita mbele za watu na njuga inayolia. Alisema ni sawa na kuvaa viatu vya mpira ndani ya kanisa. Kwa hiyo akachukua majani makavu ya mgomba, akaijaza njuga hadi ndimi zikatulia, akashika jembe lake wakaenda. Kamba hakumfunga. Mbwa huyo hajawahi kufungwa maisha yake, na mbwa wa Anatoli hafungwi. Hamnijui alimfuata kisiginoni, pua karibu na kitenge, njia nzima.

Kiwanjani palikuwa na mbwa wa kila aina. Waliofungwa kamba ya katani, waliofungwa mpira wa baiskeli, mmoja amefungwa tai ya sare ya shule. Wanagombana, wanakojoa kwenye nguzo ya bendera, wenyewe wanatukanana kwa niaba yao. Eustakia akasalimia huyu, akamwitikia yule, Domisiana naye yupo na mbwa wake mweusi mnene, wakapeana mikono kwa adabu kama mabalozi. Alipogeuka, kisiginoni hapakuwa na mtu.

Akatega sikio. Hakuna njuga. Ni yeye mwenyewe aliyeiziba.

Kwa mara ya kwanza toka Anatoli afe, hakujua mbwa wake yuko wapi. Kisha akamwona, hatua kumi tu, anapita katikati ya watu, pua chini, anatafuta harufu moja kati ya harufu mia.

"Hamnijui," akaita. Neno la kwanza kwa miezi miwili.

Mbwa akapita.

Akaita tena kwa sauti ile ya jioni, ya kuvuka migomba. Watu wote wakageuka. Aliyeitwa hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja kuelekea kwa Shibuda, na Shibuda, ili kumzuia, akamgusa ubavuni kwa buti, kwa nyuma. Hamnijui akaruka, akageuka, akaliuma buti.

Kiwanja kikapasuka. Akina mama wakanyakua watoto, mbwa wote wakaanza kelele. Mtu akasema, "Ana kichaa huyo, tazameni udenda." Mwingine akasema, "Hata mwenye naye hamjui." Hamnijui amesimama katikati ya duara, uzi wa udenda unaning'inia, anageuza kichwa huku na huku. Shibuda alikuwa ameshainua rungu.

Eustakia alikuwa anatazama shingo ya mbwa.

Mtu anayenuna husikia. Hilo Eustakia analijua kuliko mtu yeyote wa tarafa hiyo. Kila Anatoli alipomwita msimu ule wa maharage, alikuwa hageuki, lakini shingo yake ilikuwa inakaza yenyewe, hawezi kuizuia. Anayenuna anasikia kuliko wote, ndiyo kazi yake. Na shingo ya Hamnijui, alipoitwa mara mbili mbele ya kijiji kizima, haikukaza. Sikio halikucheza. Hapakuwa na hasira pale. Hapakuwa na sauti iliyofika.

"Shibuda," akasema, "ngoja."

"Bibi, rudi nyuma."

"Ngoja nimesema."

Akaligeuza jembe, bamba juu, mpini chini. Akagonga ardhi ya kiwanja, mara mbili, kwa nguvu zake zote na uzito wake wote, goti likalia. Mbwa akainua mguu mmoja wa mbele kama aliyekanyaga kitu. Akagonga tena mara mbili. Hamnijui akageuka. Macho yake yalikuwa na ukungu wa bluu, Eustakia akauona leo, wala haukuwa wa leo. Mbwa akaja akiifuata ardhi, taratibu, watu wakimpisha, akafika, akanusa kitenge, akakaa juu ya mguu wa Eustakia kama alivyokuwa akikaa juu ya mguu wa Anatoli.

Shibuda alishusha rungu nusu tu.

Afisa mifugo akapenya katikati ya watu. Alikuwa msichana anayeitwa Happyness, amevaa koti refu la kijani na glavu. Kwanza hakumgusa mbwa. Alimwambia Shibuda avue buti.

"Mguu ni mzima?"

"Ni mzima. Hakufika ndani."

Watoto wakasogea kuona vidole. Happyness akaligeuza buti juani, akaangalia pale lilipoumwa. Upande mmoja meno yalikuwa yameingia kwenye mpira, alama nne, safi. Upande wa pili hapakuwa na alama, palikuwa na usaha kidogo umepakaa.

"Anauma upande mmoja," alisema. "Huku kuna jino linamuuma. Bibi, mbwa ana miaka mingapi?"

"Saba," akasema Eustakia.

"Saba ya wapi," sauti ya Domisiana ikasema nyuma. "Wifi, mbwa huyo alizaliwa mwaka mmoja na mjukuu wangu, na mjukuu wangu yuko kidato cha kwanza."

Watu wakacheka. Eustakia akakaza shingo.

"Kumi na tatu," akasema.

Happyness akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mbwa, karibu kabisa. Hamnijui alikuwa ananusa kitenge. "Hasikii. Toka lini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Wote walikuwepo, wale aliowaambia miaka yote kwamba anajua yote ya mbwa huyu kwa kumsikia tu. Eustakia aliangalia jembe.

"Mwezi wa nne," alisema. "Au kabla. Mimi nilidhani amenuna. Nikanuna na mimi."

Hakuna aliyecheka, hata Domisiana.

"Mimi naona ni uzee na jino," Happyness akamwambia mwenyekiti. "Lakini siwezi kuapa kwa macho. Mwenye kichaa naye hutoa udenda, huyumba, huuma. Leo simchanji. Afungwe nyumbani siku kumi, mtu wa serikali ya kijiji amwangalie kila asubuhi. Kama ni kichaa, siku kumi hazifiki, atakufa. Akifika, nitarudi."

"Na asipokula?" Telesfori akauliza. "Yule wa kule aliacha kula, maji akashindwa kumeza."

"Akishindwa kumeza maji, msinisubiri."

Akamweleza Eustakia: asiguse udenda kwa mkono mtupu, bakuli aisukume kwa mti mrefu, kuku na mbuzi wakae mbali. Na Hamnijui akarudi nyumbani na kamba ya ng'ombe wa Shibuda shingoni, karibu na njuga iliyozibwa.

Siku ya kwanza alikula nusu. Siku ya pili alilamba mchuzi. Kila asubuhi Shibuda anakuja na rungu, anasimama kwenye mpaka wa majivu.

"Shikamoo, Bibi. Mgonjwa wetu?"

"Marahaba. Huyo hapo. Anakushinda uzuri."

Siku ya tatu Hamnijui hakugusa kitu. Eustakia alikaa juu ya kigoda akaitazama bakuli ya uji wa mtama hadi uji ukafanya ngozi. Aliposikia buti zikija njiani, mikono yake ilifanya kazi kabla ya kichwa: akaivuta bakuli kwa mti, akawamwagia kuku nyuma ya jiko, akairudisha tupu.

"Amekula?" Shibuda akauliza.

"Unaona bakuli."

Shibuda akaiona bakuli. Akaaga akaenda. Na Eustakia, ambaye alikuwa akisema uongo mdogo tu, wa umri na wa magoti, alikaa na uongo huo siku nzima kama mtu aliyemeza jiwe. Kwa sababu kama ni kichaa kweli, kuna watoto kwa Domisiana, kuna watoto kwa Shibuda mwenyewe. Na kama si kichaa, amemdanganyia nini?

Mchana alijaza maji kwenye bakuli, akaisukuma kwa mti, akarudi kwenye kigoda. Akashika rozari lakini hakusali. Alikuwa anatazama tu. Hamnijui alinusa maji. Akasita. Kisha mbwa akalaza kichwa upande wa kulia, kama mtu anayesikiliza ukuta, akaanza kunywa kwa upande huo, kidogokidogo, akameza. Koo likapanda likashuka. Akanywa, akapumzika, akanywa. Maji yalipogusa upande wa kushoto alirudisha kichwa haraka, akanung'unika kwa sauti ndogo.

Ni jino. Uji ulikuwa wa moto.

Miaka yote alikuwa akimpa chakula kama anavyokula yeye, cha moto, na mbwa alikuwa akisubiri kipoe au anaacha. Hakuwahi kukaa akamwangalia anakula, kazi yake ilikuwa kusikia njuga. Siku hiyo akauchemsha mchuzi wa dagaa, akaupepea kwa sahani hadi ukapoa kabisa, akaloweka ugali ndani ukawa laini kama wa mtoto, akausukuma upande wa kulia. Hamnijui akala wote, akalamba na bakuli.

Asubuhi ya nne Shibuda alimkuta Eustakia amesimama getini, hana jembe.

"Shikamoo, Bibi."

"Jana nilikudanganya," alisema, hakuitikia hata salamu. "Hakula. Niliwapa kuku. Baadaye amekunywa maji, na amekula, nimemwona kwa macho yangu. Ukitaka kwenda kwa mwenyekiti, nenda."

Shibuda akakuna kidevu kwa rungu.

"Nilijua," alisema. "Nilipita nyuma ya jiko, kuku wako wana masharubu ya uji. Nilitaka kukuacha mpaka leo, nione utasema."

"Na nisingesema?"

"Ningekwenda kwa mwenyekiti."

Akakaa chini, buti zimenyooka mbele yake, wakamwangalia pamoja Hamnijui akinywa maji kwa upande wa kulia.

Siku zilizobaki Eustakia alijifunza mbwa wake upya, kwa macho, kama anayesoma herufi. Akaona kwamba asubuhi miguu ya nyuma haiamki pamoja na ya mbele, inamsubirisha. Akamtandikia gunia lenye maganda ya maharage ili asilale kwenye udongo wa baridi. Akaona kwamba jua likiwa kali hubana macho, akahamisha kamba kwenye kivuli cha mgomba. Akaona kwamba akisogea kwa nyuma humtisha, kwa hiyo akawa anagonga ardhi kwanza kwa mpini, mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Alimsemesha pia. Alimweleza habari yote ya mlango wa bati toka mwanzo, akamwomba msamaha, na alifurahi kwamba hapakuwa na wa kusikia.

Siku ya kumi na moja Happyness alirudi kwa pikipiki. Alimtazama mbwa, akatazama bakuli iliyolambwa.

"Siku kumi zimepita, huyu anadai chakula tu. Bibi, hana kichaa."

Eustakia alisema, "Najua," akavuta kigoda akakaa.

Happyness akamdunga mbwa dawa ya usingizi, Shibuda akashika kichwa kwa mikono iliyovaa glavu, na jino likatoka kwa koleo, jeusi, limeoza hadi mzizi, linanuka hadi kwa Domisiana, ambaye alikuja kuona ni nini. Akachomwa sindano ya usaha, na ya mwisho ndiyo ile ya chanjo.

"Masikio hayatarudi," Happyness alisema akifunga mkoba. "Macho yataendelea kufifia. Ana mwaka, labda miwili, ukimtunza hivi. Usimwache barabarani, hasikii magari."

"Tutakaa nyumbani," Eustakia alisema. Alipotaka kusimama, goti likakataa, akashika bega la msichana bila kuomba. Happyness akasimama imara mpaka bibi akanyooka, na Eustakia akampenda kwa hilo.

Wengine walipoondoka, Domisiana alibaki. Alikaa kwenye kigoda, akamwangalia mbwa anavyoamka, amelewa, ulimi nje.

"Wifi," alisema, "miezi miwili hukunitukana."

"Nilikuwa sisemi na mbwa."

"Nilidhani unaumwa. Nilikuwa nasonga ugali nasikiliza. Nilimtuma mjukuu mara tatu aje kuangalia kama moshi unatoka jikoni kwako."

Eustakia hakujua hilo. Akachukua kijiti, akamvuta Hamnijui karibu, akaanza kuchokoa majani ya mgomba kutoka kwenye njuga, kipande kimoja kimoja, hadi ndimi za mfupa zikalegea zikalia.

"Sasa utamwitaje, na hasikii?" Domisiana akauliza.

"Nina namna yangu."

Jioni hiyo mchuzi wa dagaa ulipopoa, Eustakia alisimama uani na jembe lake. Akagonga ardhi mara mbili, hiyo ikiwa ya mbwa. Kwenye majivu njuga ikalia, ko-ko, inakuja polepole. Kisha akageuza uso kwenye migomba, akavuta pumzi, na akaita, "Hamnijuiii."

Kwa Domisiana mwiko ukagongwa kwenye sufuria.

"Nimekusikia," Domisiana akajibu.